Maiti wako anaongea sana: Shangazi wa Jukwaani anajibu

Haya jamani, mwezi huu mmeniandikia kweli kweli. Na sijui ni hali ya hewa au ni nini, karibu wote mnaandika maigizo ya kifo na mapenzi na mtu kujitafuta yeye ni nani, na wote mnataka yawe ya majaribio, yaani yasipite ile njia tuliyoizoea ya baba mkali, binti mjamzito, mahakama, pazia. Mi nimefurahi sana. Nimechagua barua chache, zingine nimezifupisha maana mna maneno nyie, na majibu nimeyaacha yatoke yanavyotoka.

Shikamoo Shangazi. Nipo Tanga, nina kikundi cha maigizo, tupo saba. Nimeandika igizo la kijana aliyekufa ghafla harusi yake ikiwa imekaribia, na katikati ya msiba maiti anainuka anaanza kumwambia mchumba wake ukweli wote, kwamba hakuwa anajijua, kwamba alikuwa anaoa kumridhisha mama yake, na mengine mengi. Maneno yake ni kurasa kumi na moja. Wenzangu wanasema haieleweki na watu wa huku wanataka kucheka. Niachane nalo au nitafute waigizaji wengine?

Marahaba mwanangu. Waigizaji usiwaguse, wako sawa. Shida ni kwamba maiti wako anaongea sana.

Kurasa kumi na moja za mtu mmoja ni dakika ishirini na kitu, na dakika zote hizo yule mchumba kasimama anafanya nini? Analia? Atalia dakika ishirini? Mama mzazi je, na wale waliokaa kwenye mkeka? Umewageuza wote kuwa watazamaji, na watazamaji mnao tayari, wamelipa kiingilio wako kwenye viti. Halafu ukifikiria vizuri, marehemu nguvu yake yote pale msibani inatokana na kunyamaza. Akishaanza kujieleza anakuwa mtu wa kawaida tu mwenye malalamiko.

Nikupe kisa cha kweli. Wakili S.M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake Wambui, Mkikuyu, akataka amzike nyumbani kwao kule Ngong, ukoo wa mume, Umira Kager, ukasema hapana, Mjaluo anarudi kwao Nyalgunga, Siaya. Ikawa kesi, ikapanda mpaka Mahakama ya Rufaa, na marehemu muda wote huo yuko mochwari, siku zaidi ya 150, mpaka Mei 1987 ndo akazikwa, Nyalgunga, mjane kashindwa. Kenya nzima ilikuwa inafungua magazeti asubuhi kuona leo nani kasema nini. Sasa Ebrahim Hussein, mwandishi wa maigizo wa Tanzania, akalichukua lile jambo akaandika igizo la Kwenye Ukingo wa Thim, likachapwa 1988, na ukilisoma utaona moto unatoka wapi: mume akishakufa kila mtu anajua alitaka nini, mke anajua, ndugu wanajua, wazee wanajua, na mwenye kujua kweli ndo hasemi tena. Fikiria sasa Hussein angemwinua marehemu atoe ufafanuzi. Igizo lingekufa palepale. Kithaka wa Mberia naye kwenye Natala, 1997, kapita upande mwingine kabisa, mume anatangazwa kafa, mtu anazikwa, shemeji anaanza kutaka kurithi mke na mali, halafu mwishoni mume huyo hapo, mzima. Hata huyo aliyerudi hakuhitaji kurasa kumi na moja, kurudi kwenyewe kunatosha.

Sasa hao wenzako wanaosema watu wanataka kucheka hawajakosea, ila hawajafika mwisho wa wazo lao. Nani kasema msibani hakuchekwi? Kwenye makabila yenye utani, Wanyamwezi na Wazaramo kwa mfano, mtani ana ruhusa msibani ambayo hana mtu mwingine yeyote. Anaiga marehemu alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anakopa halipi, anazuia maziko mpaka apewe chochote, wengine wanaingia kabisa shimoni wanagoma kutoka, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni, na hairuhusiwi kukasirika. Niambie kama hiyo si tamthilia ya majaribio ni nini. Haina jukwaa, haina skripti, mtu anamwigiza marehemu mbele ya marehemu mwenyewe, na watazamaji ndo wafiwa.

Kwa hiyo zile kurasa zako mpe mtani. Mvalishe shati la marehemu, lile ambalo mchumba alimnunulia. Maiti alale anyamaze. Nimejaribu kuandika kidogo uone ninachosema:

MTANI (kavaa shati, anatembea kama marehemu): Nani kakaa kwenye kiti changu?
(Watu wanacheka. Mtu anahama kiti.)
MTANI: Mama, na ule mchele wa harusi mnaupeleka wapi sasa?
MAMA (anacheka, anaacha ghafla): Toka hapa.
MTANI: Mimi nilisema tuoe mwakani. Nilisema au sikusema?
(Mama hajibu.)
MTANI (kwa mchumba): Na wewe ulijua.
MCHUMBA: Rudia.
MTANI (kwa sauti yake mwenyewe): Ah, mi natania tu, shemeji.

Umeona? Hatujui kama mtani kaambiwa siri na rafiki yake au kabahatisha tu, na mchumba hajui, na hana wa kumuuliza. Yale yote uliyoyaandika kwa hotuba, kwamba hakujijua, kwamba alikuwa anaoa kwa ajili ya mama, yamo kwenye mistari saba na watu wamecheka njiani. Tena mtu akitoka kwenye kicheko kwenda kwenye "na wewe ulijua" anaumia zaidi kuliko mtu aliyekuwa analia tangu mwanzo, hilo waulize tu waliowahi kukaa msibani.

La mwisho kwako: achana na jeneza la kweli. Waigizaji wengi hawapendi kulala humo, mama zao ndo kabisa, na watazamaji wakishaliona akili yote inahamia huko, nani kalikodi, limetumika au bado. Mkeka, shuka nyeupe iliyokunjwa vizuri pembeni, chetezo chenye ubani unaofuka kweli. Ule moshi ukiwafikia watu wa safu ya mbele, kila mmoja anakuwa tayari yuko kwenye msiba wake, hujasema hata neno.

Sasa Shangazi, niko chuo hapa Eldoret. Mhadhiri wetu anasema tamthilia za majaribio ni kitu cha Ulaya, Beckett na wenzake, sisi tunaiga tu. Ni ukweli?

Nusu. Hiyo nusu ya kweli hata tusiikwepe: Ebrahim Hussein alisomea shahada yake ya uzamivu Berlin na kazi za Brecht, yule mwandishi wa maigizo Mjerumani, alizijua vizuri, na Said Ahmed Mohamed alipoandika Amezidi, 1995, ile ya Ame na Zidi wamekaa pangoni kwao wanaota na kusubiri misaada, huwezi kusema hajawahi kumsikia Beckett na wale watu wake wawili wanaomsubiri mtu asiyekuja.

Lakini muulize mhadhiri, Wazungu nao walitoa wapi? Antonin Artaud, ambaye Ulaya wanamhesabu kuwa mmoja wa mababa wa hayo mambo, aliangalia wacheza ngoma wa Bali kwenye Maonyesho ya Makoloni, Paris, 1931, akachanganyikiwa, akaandika kwamba tamthilia ya kwao imelemewa na maneno. Brecht alimwona Mei Lanfang, mwigizaji Mchina, akicheza Moscow 1935, mtu mzima mwanamume anaigiza mwanamke bila taa maalumu bila chochote, na ndo akapata nguvu ya kuandika ile nadharia yake ya mwigizaji kutojificha ndani ya mhusika. Kwa hiyo Mjerumani kachukua kwa Mchina, Mtanzania kachukua kwa Mjerumani, na ajabu ni kwamba Mtanzania nyumbani kwake alikuwa na bibi anayetamba hadithi, anamwigiza fisi, anaacha katikati anauliza "mnanisikia?", anaendelea. Hussein alilijua hilo. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, 1976, ni mtu mmoja tu jukwaani na hadithi, ndo mtambaji huyo huyo. Penina Muhando kwenye Nguzo Mama, 1982, kaweka msimulizi anayeongea na watazamaji huku wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama. Na Mashetani ya Hussein, 1971, inaanza na Shetani na Binadamu chini ya mbuyu, unashtuka baadaye kwamba ni vijana wawili, Juma na Kitaru, walikuwa wanaigiza, na kuanzia hapo unabaki unawaangalia vijana wote wawili kwa jicho la mashaka, nani kabaki na pembe. Hiyo ndo tamthilia ya mtu kujitafuta ninayoipenda kuliko zote za Kiswahili, maana urafiki wao unakufa mbele yetu na hakuna aliyemkosea mwenzake waziwazi, ni nyumba walizotoka tu, mmoja kwao wameanguka na mwingine kwao wamepanda.

Kwenye mtihani jibu anavyotaka upate maksi zako. Ukitoka njoo tuigize.

Asalaam aleikum Bi Shangazi. Niko Mombasa, nina watoto watatu, niliachwa, na baada ya kuachwa ndio nikajijua mimi ni nani. Nataka kuyaandika nikayaigize mwenyewe, mtu mmoja. Lakini mtaa ni mdogo, mawifi watajijua. Nikibadilisha majina itatosha?

Waaleikum salaam dadangu. Majina hayatakusaidia kitu. Mawifi watajijua kwa sahani, kwa rangi ya pazia, kwa jinsi mtu anavyokohoa kabla ya kusema uongo. Badilisha umbo, siyo majina.

Kuna igizo la Beckett, Krapp's Last Tape, lilichezwa London mara ya kwanza 1958. Mzee wa miaka 69 kakaa mezani na redio ya kanda, anasikiliza sauti yake mwenyewe aliyojirekodi akiwa na miaka 39. Yule wa kwenye kanda anajisikia kamaliza yote, anaongelea mwanamke aliyemwacha kana kwamba ni jambo dogo. Mzee anasikiliza, anamtukana yule kijana, anarudisha nyuma kanda pale kwenye boti na yule mwanamke, anasikiliza tena. Ndo hivyo tu. Mapenzi yamo, kufa kumo, kujijua kumo, na mtu hajatoka kwenye kiti, labda kwenda kuchukua ndizi. Wakati ule mashine za kurekodi zilikuwa bado ngeni, mtu hakuweza kuwa na kanda zake za miaka thelathini, kwa hiyo Beckett ikabidi aseme mambo yanatokea jioni moja ya siku za usoni.

Wewe za usoni huzihitaji, una WhatsApp. Kuna wanawake wangapi wana voisi zao za miaka saba minane bado ziko kwenye simu? Fanya hivi: stuli, simu, wewe. Unasikiliza voisi zako za zamani ulizomtumia yeye. Zake hatuzisikii hata moja, anabaki ni ule ukimya kati ya voisi yako moja na inayofuata, na mawifi wakija hawana cha kushika, kaka yao hajasema neno. Kinachosikika ni wewe tu ukicheka, ukibembeleza, ukijifanya hujakasirika, "hapana hata sijakasirika, nimechoka tu", na wewe wa leo umekaa pale unamsikia yule msichana anavyodanganya. Kuna mahali utamrudia mara tatu. Kuna mahali utamruka maana huwezi. Pale unaporuka ndo watu watataka kujua zaidi kuliko popote, na usiwaambie.

Mambo ya vitendo: sauti za zamani zirekodi sehemu tofauti tofauti, jikoni, kwenye matatu, usiku umejifunika shuka, zisiwe zote za studio safi, sikio linajua. Spika ya blututhi ifiche chini ya stuli. Zima laini na data kabla hujaanza, nakuomba, nimeshaona mtu analia jukwaani halafu ujumbe wa pesa unaingia kwa mlio mkubwa.

Na jambo moja usilichukulie vibaya. Mpe huyo mwanamke kosa. Siyo kosa la kupenda sana, hilo siyo kosa hilo ni kujisifu. Kosa kabisa, alilolifanya yeye, liwe kwenye voisi moja na yeye wa leo alisikie. Bila hilo utakuwa umeandika kesi, na wanaokupenda watapiga makofi, na wasiokupenda watatoka na kilekile walichokuja nacho.

Shangazi mambo. Dodoma hapa, kumbi zote za harusi na bei zake za harusi. Tuna igizo la watu wawili tu, la mume na mke wanaoamua kuachana usiku mmoja. Tufanyeje?

Poa. Kwanza watu wawili mnataka ukumbi wa watu mia tano wa nini? Mtapotea humo na yale mapambo ya dhahabu nyuma yenu. Chukueni darasa la shule siku ya Jumamosi au sebule ya mtu, watu thelathini arobaini, wakae kuwazunguka pande zote, taa mbili za kuchaji ili umeme ukikatika msiwe na presha. Jerzy Grotowski, ambaye dunia nzima ya maigizo inamtaja, alianza 1959 kwenye mji mdogo wa Opole, Poland, ukumbi wenye safu 13 za viti, na kikundi chake kikaitwa hivyo hivyo, Safu 13. Ugomvi wa mke na mume ukiuangalia ukiwa hatua mbili kutoka kwao, huna pa kuficha uso. Kibali ongeeni mapema na ofisa utamaduni wa wilaya, kikundi sajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wa Zanzibar ni BASSFU, msije mkafungiwa mlango watu wameshafika.

Mwanangu, mie nnaishi Maskati, nlizaliwa Unguja, umri wangu miaka 74. Nnataka kuandika mchezo wa mtu anayejuwa kwamba usiku huu ndio wa mwisho, anaviaga vyombo vyake kimoja kimoja. Wanangu wanasema baba wacha uchuro. Jee, nnakosea?

Shikamoo mzee wangu. Safu hii inaniita shangazi lakini kwako mimi mwana, kwa hiyo nitasema taratibu.

Hukosei, na wala hujaanza wewe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi, na wewe nadhani unaijua kuliko mimi. Mimi nikiisoma siku zote naiona jukwaani. Hakuna hadithi pale, hakuna mgomvi, ni mtu na moyo wake, anaukalisha kitako anauuliza mbona hauzinduki, anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yalivyobaki magofu, yale madaka yaliyokuwa yamepangwa sahani sasa makinda ya ndege yamelala humo. Mtu mmoja kajigawa wawili, mmoja anauliza, mwingine hana jibu. Ukimpa mwigizaji mzuri hiyo, na taa moja, unaniambia nini kuhusu mambo ya kisasa? Na Ufaransa Eugène Ionesco aliandika Le Roi se meurt, 1962, mfalme anaambiwa na mkewe mapema kabisa kwamba atakufa mchezo ukiisha, saa moja na nusu kutoka sasa, na watazamaji wana saa mkononi. Anakataa, anaamuru, anabembeleza, kuta zinapasuka ufa, mwisho anakubali. Hakuna aliyemwambia Ionesco anajichuria, au labda walimwambia, lakini aliendelea kuishi zaidi ya miaka thelathini baada ya hapo.

Mchezo wako nimeupenda kwa sababu ya vyombo. Ila nakuomba visiagwe vyote kwa upole. Buli liagwe kwa utani, saa ya ukutani kwa hasira, na kiwepo kimoja ambacho huyo mzee hataki kukiaga, anakizunguka, anarudi kwa vingine, kila mara anakiacha. Usitueleze kina nini. Sisi tutakuwa tumekiona tangu mwanzo kiko pale kwenye kona, tutajua.

Na kuhusu wanao, nina ushauri ambao wanaweza wasiupende. Wape wao ndo waigize vyombo. Yule anayesema uchuro kwa sauti kubwa kuliko wote, mpe saa ya ukutani, apige kila robo saa. Mmoja awe kikombe, mmoja awe redio ya zamani inayokwaruza. Wajukuu wanaosoma Kiarabu na Kiingereza shuleni Kiswahili kimewapungua kidogo, wape maneno mawili matatu, wawe vijiko. Maana mzee wangu, kuna baba ambao hawajawahi kumwambia mtoto asante kwa mdomo wao, hata siku moja, siyo kwamba hawana shukrani, ndivyo walivyolelewa. Kikombe kinaweza kuambiwa. Utakishika utakiambia umenitumikia miaka yote hii na sijawahi kukuuliza kama umechoka, na mwanao amekaa pale, yeye ndo kikombe, itabidi akusikilize mpaka mwisho kwa sababu yuko kwenye mchezo.

Fanyieni nyumbani kwanza, baada ya chakula, bila mgeni. Mkiona inafaa waiteni majirani na jamaa wa Unguja walioko huko, hapo Maskati hamkosi.

Habari Shangazi. Kikundi chetu cha Kigoma tumezoea kumaliza igizo kwa kuwauliza watazamaji "mmejifunza nini?" Sasa tuna igizo jipya la dada wawili, mmoja anakufa na mwingine anagundua hakuwahi kumjua. Tuulize pia?

Nzuri. Hapana, msiulize.

Ile mliyozoea inatoka kwenye maigizo ya maendeleo, malaria, maji safi, ukatili, na kule swali ni sehemu ya kazi yenyewe, mnataka kijiji kiongee kiamue, endeleeni nayo huko. Lakini mtu ametoka kumkumbuka dada yake kwa saa nzima, halafu mnamsimamisha na maikrofoni aseme amejifunza umuhimu wa familia? Atasema, maana ana adabu. Na akishasema hivyo jambo limefungwa, kaenda nalo nyumbani likiwa sentensi moja ya risala.

Mnachoweza kufanya ni kuweka chai na maandazi nje, taa ziwake pole pole, msiwatangazie waondoke. Waigizaji wakae nao vile vile na nguo za jukwaani. Mmoja wenu akae karibu na birika asikilize watu wanasema nini wakiwa wanasubiri kikombe, mambo ya kurekebisha kwenye skripti yote mtayapata pale, nani hakuelewa ile sini ya barua, nani alidhani dada mkubwa ndo mama. Andikeni usiku huo huo kabla hamjasahau. Na chai iwe ya bure, au kama lazima muuze basi bei ya mtaani, watu wameshalipa kiingilio.

Barua za mwezi ujao nitumieni mapema, na tafadhali, ukurasa mmoja. Skripti nzima usinitumie kama hujaisoma kwa sauti na wenzako hata mara moja.